Nawasha Tu, Sivuti

Kikombe cha makohozi hakishikwi mdomoni. Kinashikwa kwenye kitako, na mkono wa kushoto, ili wa kulia ubaki safi wa kufungua mlango. Naanza na hilo kwa sababu wasichana wawili walioletwa kuchukua nafasi yangu pale kliniki ya kifua niliwaona wiki yangu ya mwisho wakibeba vikombe kama wanapelekea wageni chai. Waliniambia, "Mwaitu, tuandikie mambo unayojua kabla hujaenda kulima." Mwaitu ni mama kwa Kikamba, na ndivyo kliniki yote iliniita. Basi naandika. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne. Mjukuu wangu Kamene, binti ya mtoto wangu wa kwanza, yuko kidato cha tatu na anaandika kama mashine, ndiye amenisaidia herufi kubwa na nukta. Maneno ni yangu. Akitaka kuyapiga pasi namwambia ayaache na mikunjo yake.

Wagonjwa nimewabadilisha majina, maana watoto wao bado wananisalimia sokoni.

Nilianza mwanzoni mwa miaka ya tisini, hapa Machakos mjini, kama mfagizi. Mwenye kazi kabla yangu alikuwa ameacha kwa sababu ya kukohoa, na hakuna mtu aliyeniambia baada ya hapo alienda wapi. Siku ya kwanza nilipokewa na Sista Mutheu, muuguzi mkuu, mama mrefu ambaye alikuwa anatembea kama amechelewa hata akiwa amefika. Alinionyesha vitu vitatu: dirisha, ndoo, na shimo la kuchomea vikombe nyuma ya stoo.

"Dirisha halifungwi," akasema. "Hata mvua ikinyesha ndani, halifungwi."

"Na mimi nikiugua, Sista?"

"Utatibiwa hapa hapa. Hutahitaji hata kubadilisha viatu."

Huo ndio ulikuwa mzaha wake, na sikucheka. Wiki yote ya kwanza nilifagia nikiwa nimebana pumzi. Nafagia mpaka kifua kinauma, natoka nje, napumua kama ng'ombe aliyepandishwa mlima, narudi. Nyumbani nilikuwa naoga uani kabla ya kugusa mtoto yeyote. Mume wangu, Baba Mumbua, alikuwa mkata mawe kwenye machimbo, na mavumbi yake alikuwa anaingia nayo mpaka kitandani. Aliniambia, "Wewe umeandikwa kazi ya kuogopa." Ilikuwa kweli. Woga ndio uliniweka mzima kwa kazi hiyo, na nyinyi wasichana msiutupe wote. Mtu asiyeogopa kikohozi anaanza kufunga dirisha.

Baada ya kama miaka miwili ililetwa fomu. Kila mtu mzima anayekuja na kikohozi aulizwe: umri, kwao ni wapi, kazi, masomo, dini, ameoa au ameolewa. Halafu sigara: anavuta au havuti, alianza lini, ngapi kwa siku, ya aina gani, na nani alimpa ya kwanza. Daktari wetu Kimanthi, kijana mpole aliyeogopa wazee, alikuwa anauliza akiwa amevaa koti jeupe, na watu wakamdanganya mpaka fomu ikaona haya. Hao hao wakitoka kwake na kukaa kwenye benchi, wananiambia mimi ukweli, nikiwa napiga deki katikati ya miguu yao.

Kulikuwa na mlinzi mmoja, nitamwita Nzioka. Kwa daktari alisema anavuta mbili kwa siku. Alipotoka nikamwambia ainue miguu.

"Mbili tu, Nzioka?"

"Mbili ni za kabla ya chai," akasema. "Na hakuniuliza kuhusu chai."

Nilimwambia Sista Mutheu. Kesho yake akaniita, akanipa ubao wa kuandikia wenye kibanio, na penseli.

"Sista, mimi kuandika si sana."

"Unajua kuandika ndiyo na hapana?"

"Najua."

"Na nambari?"

"Nambari najua. Nimeuza maharagwe."

"Basi kaa hapo benchi na ufagio wako ukiwa karibu. Usiuweke mbali. Wakiona ufagio watasema ukweli."

Hivyo ndivyo mfagizi alianza kuandika fomu. Nawaambia vile nilikuwa nafanya. Penseli, si kalamu, kwa sababu mvutaji hubadilisha jibu mara mbili kabla ya kuinuka. Usiulize "unavuta?" kwanza. Uliza kazi kwanza, halafu uangalie mikono. Mtu wa sigara yuko na rangi ya manjano hapa katikati ya kidole cha shahada na cha kati, kama ameshika manjano ya pilau. Shati ya mtu wa msokoto wa tumbako iko na mashimo madogo kifuani, cheche zimeanguka. Mlinzi anaficha moto ndani ya kiganja ili mwizi asimwone, kwa hivyo mfungue kiganja, utakuta kovu. Nzioka alikuwa na makovu matano. Nilimwambia, "Hii mkono imevuta zaidi ya mdomo," na benchi lote likacheka. Kicheko kwa kliniki ya kifua huwa hakifiki mwisho. Kinageuka kikohozi katikati, na kila mtu anaangalia chini.

Umri ndio ulikuwa unanichosha. Mzee mmoja kutoka Kithyoko, huko karibu na mto Tana, nilimuuliza ana miaka mingapi, akaniambia niandike arobaini kwa sababu anatafuta mke. Nikamuuliza, wakati wa ile njaa ya mahindi ya manjano, mwaka wa themanini na nne, ulikuwa unafanya nini? Akasema alikuwa anawapelekea wajukuu unga. Nikaandika sabini.

"Umeniharibia harusi," akasema.

Polepole nilianza kuwajua kwa makundi, vile mtu anajua mbegu. Wazee wa kule chini upande wa Tana walivuta tumbako waliyopanda wenyewe, wameikunja kwa karatasi ya daftari la mtoto, hesabu na yote. Wakata mawe na matanboi wa malori walivuta ile fupi isiyo na kichungi, wakanunua moja moja kwenye kibanda. Watu wa ofisi na walimu walivuta ya kichungi, wakafikiri kichungi ni dawa. Vijana wa viwandani kule Mavoko walianza siku ya kwanza ya kazi, kwa sababu mwenye kuvuta aliruhusiwa kutoka nje dakika tano na asiyevuta hakuruhusiwa. Waliosoma walidanganya kuhusu idadi. Waliookoka walidanganya kuhusu kuvuta. Wakatoliki walisema ukweli wote, halafu wakaniomba nisimwambie Padri.

Sasa wanawake. Hapa nataka msome polepole.

Siku nilipopewa ubao, Sista Mutheu aliniambia, "Mwanamke mwenye heshima zake ukimuuliza kama anavuta sigara umemtukana, na bwanake atakuja hapa. Wale wa vilabu utawajua. Wengine andika hapana, uendelee." Nikaona ni busara. Mimi mwenyewe mtu angeniuliza hivyo mbele ya watu ningemrukia. Basi niliandika hapana. Niliandika hata kabla hawajakaa. Asubuhi nikiwa na nafasi, nilikuwa nachukua fomu kumi, kumi na tano, nazijaza mapema ile sehemu ya wanawake, hapana, hapana, hapana, kama mtu anatia mbegu kwa mashimo. Nilifanya hivyo miaka. Daktari Kimanthi akiona kazi imeenda haraka ananisifu.

Kisha akaja mama mmoja wa Katelembo, nitamwita Ndunge. Mjane, mkulima, amefunga leso vizuri, Biblia kwapani. Alikaa, akaangalia karatasi yangu. Sikujua anajua kusoma.

"Hapo umeandika nini?"

"Kama unavuta sigara. Nimeandika hapana."

"Umeniuliza saa ngapi?"

Nzioka, ambaye wakati huo alikuwa anakuja kumeza dawa, akasema, "Leo Mwaitu ameshikwa."

"Haya," nikasema. "Nakuuliza. Unavuta?"

"Sivuti."

"Si ndivyo nimeandika?"

"Sivuti. Nawasha tu."

Nikamwambia sielewi. Akanieleza kama anamweleza mtoto. Moto uko jikoni. Mwanamume amekaa nje uani na wageni wake, na mwanamume hawezi kuinama kwa meko ya mwanamke kutafuta kaa la moto, watu watamcheka. Kwa hivyo anaita. Mke au binti anachukua ile sigara, anaiinamisha kwenye kaa, anavuta mara moja ishike. Kutoka jikoni mpaka uani kuna hatua ishirini na upepo. Ikizimika utatumwa tena na kelele juu. Kwa hivyo unavuta ya pili katikati ya njia, na ya tatu ukikaribia. Halafu unampa.

"Nilimwashia baba tangu nikiwa hivi," akaonyesha urefu wa benchi. "Nikaolewa, nikamwashia mzee wangu."

"Na mzee si alikufa?"

"Alikufa, miaka tisa sasa."

"Kwa hivyo sasa unamwashia nani?"

Alifungua Biblia, akaifunga. "Yeye bado," akasema. "Nawasha yake ya jioni. Mtu wa kumpelekea hayuko, basi inaishia mkononi kwangu."

Nilienda kwa Sista Mutheu, nikamwambia nataka kufuta hapana nibadilishe. Akaniuliza, "Anavuta au havuti?" Nikasema anawasha. Akasema fomu haina hiyo. Nikaiacha vile ilikuwa.

Ndunge alikuja mara mbili zaidi. Makohozi yake hayakuwa na wadudu wa TB. Picha ya kifua ilionyesha kitu kingine, uvimbe. Daktari Kimanthi aliiinua dirishani muda mrefu, akaishusha, akaanza kuuliza habari ya mvua. Walimtuma Nairobi. Aliyerudi ni shemeji yake, kutuambia tumtoe kwa kitabu. Nilitafuta fomu yake. Hapana, kwa penseli, na mwandiko ni wangu.

Sasa nitawaambia kitu ambacho sikumwambia mtu kliniki kwa miaka mitatu.

Ile siku Ndunge alinieleza habari ya hatua ishirini, nilirudi nyumbani jioni nikakuta Baba Mumbua amekaa uani na jirani. Nilikuwa bado naweka kikapu chini nikamsikia akiita, "Mumbua, niwashie." Mumbua ni binti yangu wa mwisho, wakati huo alikuwa na miaka kumi na saba. Akatoka jikoni na ile kitu mdomoni, moto unang'aa. Nilikuwa nimeona hivyo kila siku ya Mungu na sikuwa nimewahi kuangalia. Siku hiyo niliangalia. Alivuta ya pili kwenye kamba ya nguo. Alivuta ya tatu karibu na banda la kuku, na ya tatu hakuitoa kwa mdomo. Aliitoa kwa pua, polepole, macho yamefumba kidogo, kama mtu amekunywa maji akiwa na kiu. Mtu anayewasha tu haitoi hivyo. Mimi nilikuwa nimekaa na wavutaji kwenye benchi kila siku, najua.

Nikakaa juu ya kikapu, na nyanya zilikuwa ndani.

Kesho yake nilimnunulia Baba Mumbua kiberiti.

"Cha nini na moto uko?" akasema.

"Uwashe mwenyewe."

"Mimi nina binti na mke, niwashe mwenyewe kama mlinzi?" Akakitia mfukoni. Jioni akaita tena, "Mumbua."

Mtasema, wewe ulijua, kwa nini hukumkalisha msichana chini ukamuuliza? Ndilo swali ninalojiuliza mpaka leo. Wageni mia walikuwa wananifungulia viganja vyao, na binti yangu nilishindwa kumwambia aniletee vidole nivione. Niliogopa aseme ndiyo. Akisema ndiyo, ningetakiwa kufanya kitu. Akisema hapana, ningejua ananidanganya. Kwa hivyo nilimwangalia. Usiku akikohoa kidogo nilikuwa naamka nahesabu. Akiacha kukohoa nahesabu pia. Sista Mutheu aliniuliza kwa nini nakonda.

Mumbua akaolewa Tala, akaanza kuuza mitumba sokoni. Nilishukuru, nikajiambia huko mume wake havuti, hakuna wa kumwashia. Nilipenda sana kujiambia hivyo.

Akaja nyumbani Desemba, mwaka wa pili wa ndoa. Nilikuwa nachambua mchele. Nilimsikia kabla sijamwona. Alikohoa pale kwa lango, mara tatu, ya tatu ikiwa na maji ndani, na mchele ukanimwagika. Kikohozi hicho nakijua hata kwa usingizi. Alipoingia shingo ilikuwa imekuwa nyembamba. Sketi ilikuwa imeshikwa na pini.

"Umekonda," nikasema.

"Ni kutembea, mama. Tala ni jua."

"Umekohoa tangu lini?"

"Ni vumbi ya nguo. Hizo bale zikifunguliwa, kila mtu anakohoa."

Nikamshika mkono wa kulia. Ulikuwa safi. Nikashika wa kushoto, akauvuta. Nikaushika tena kwa nguvu, na nikaona manjano. Alikuwa amejifunza kutumia wa kushoto kwa sababu wa kulia unasalimia watu.

Siku hizo mtu akikonda hivyo majirani walikuwa na jina moja tu la ugonjwa, na walilisema wakiangalia pembeni. Mimi sikuwa naogopa hilo kwanza. Nilikuwa naona ile picha dirishani na Daktari Kimanthi akiuliza habari ya mvua.

Nilimpeleka kliniki Jumatatu. Sista Mutheu alitaka mtu mwingine amwandikie fomu. Nikakataa. Nilisema, "Nimeandikia watoto wa watu wote." Baba Mumbua alikuja pia, amevaa koti la kanisani, akakaa mwisho wa benchi akishika kofia. Alikuwa hajawahi kuingia mahali ninapofanya kazi. Nilikaa katikati yao na ubao.

Umri, nikaandika. Kwao, Tala. Kazi, mitumba. Masomo, darasa la nane. Ameolewa.

"Unavuta?"

Alimwangalia baba yake. Baba yake aliangalia kofia.

"Mama, andika tu."

"Siandiki kabla hujasema. Hiyo nilifanya zamani."

"Ndiyo."

"Ngapi kwa siku?"

"Sita. Siku ya soko kumi."

"Ulianza lini?"

"Sijui. Nilikuwa mdogo."

"Nani alikupa ya kwanza?"

Fomu iko na visanduku hapo: rafiki, ndugu, baba, mwenzako wa kazi, halafu mstari wa mwingine. Penseli yangu ilikuwa tayari imekaa kwa kisanduku cha baba. Baba Mumbua naye alijua. Alisema polepole, bila kuinua kichwa, "Ni mimi. Andika."

"Si wewe, baba," Mumbua akasema. "Ni mama."

Nikamwambia asinichezee.

"Sichezi. Ulikuwa unakanda unga wa chapati, Krismasi, mikono yote iko na unga. Baba akaita. Ukaniambia, wewe sasa ni mkubwa, shika hii, iinamishe hapa, vuta kidogo ishike, umpelekee baba yako. Nilikohoa, ukacheka. Ukasema mara ya pili haitaniwasha."

Nilikumbuka. Ubaya ni huo, nilikumbuka hata bakuli. Nilikuwa nimemwashia mume wangu miaka na miaka, moshi unanitia kichefuchefu, na siku hiyo nilifurahi kwamba mtoto amefika umri wa kunisaidia. Alikuwa hajang'oa jino la kwanza la mbele.

Benchi lote lilikuwa linasikia. Nilifuta ile alama ndogo penseli ilikuwa imeacha kwa baba. Kwa mstari wa mwingine nikaandika: mama. Sista Mutheu aliposoma baadaye alisema, "Hii tutaiacha hivyo?" Nikamwambia ndiyo. Akaitia sahihi. Hakuongeza neno, na kwa Sista Mutheu hiyo ilikuwa kama kukumbatiwa.

Vikombe vya kupima makohozi ni vitatu kwa kila mgonjwa. Nilimpa binti yangu cha kwanza, nikamfundisha kuvuta pumzi ndefu na kukohoa kutoka chini, nje kwenye upepo, mimi nimesimama mbali hatua tano kama sheria inavyosema. Niliandika jina lake kwa kikombe, si kwa kifuniko, maana vifuniko hubadilishana. Nimechoma vikombe vya watu wasiohesabika na sijawahi kuona uzito wake mpaka hicho. Siku mbili za kungoja majibu sikula. Nilifagia. Nilifagia mahali nilikuwa nimefagia. Nilijikuta namwomba Mungu ampe mtoto wangu TB. Mnasikia hilo? Mama anapiga magoti chooni anaomba TB, kwa sababu TB iko na vidonge na ile ya Ndunge haikuwa na kitu.

Daktari Kimanthi akatoka na karatasi. Nilimwangalia mdomo nione kama atauliza mvua.

"Ni TB, Mwaitu," akasema.

Nikamshika mikono yote miwili nikamshukuru. Wagonjwa wapya kwenye benchi waliona nimerukwa na akili.

Msianze kulia, alipona kifua. Miezi minane ya dawa, alikaa kwangu, namwona akimeza. Lakini Sista Mutheu aliniita pembeni akaniambia wazi: dawa zinafukuza wadudu, haziondoi sigara, na akiendelea na sigara basi kifua kinachopona leo kinaandaliwa kwa ile picha nyingine. Kwa hivyo woga wangu haukwenda. Ulibadilisha nguo tu. Baba Mumbua kwa upande wake alianza kuinama mwenyewe kwa meko yangu, mzee mzima, anachoma nyusi, na hakuna mgeni aliyecheka mbele yangu. Mumbua aliniambia ameacha. Alisema hivyo kila siku bila kuulizwa, na mtu aliyeacha hasemi kila siku.

Mwisho wa mwezi wa pili mgonjwa hurudi kupimwa makohozi tena, na fomu iko na upande wa nyuma. Swali la kwanza la nyuma ni, bado unavuta? Tulikaa kwenye benchi lile lile. Kabla sijauliza nilimwambia kitu kimoja, na hiki ndicho nataka nyinyi wasichana mkishike kuliko mambo ya kikombe. Nilimwambia, "Ukiniambia ndiyo sitakupigia kelele, wala hapa wala nyumbani. Ukiniambia hapana nitaandika hapana, na sitauliza tena. Chagua."

Mama mmoja kando yetu alikuwa anaondoa uzi kwa leso yake, anajifanya hasikii.

"Moja," Mumbua akasema. "Nikimaliza kuosha vyombo. Nyuma ya choo."

Nilikuwa namwona akienda nyuma ya choo. Nilikuwa nafikiri anaenda kulia.

Kila kitu ndani yangu kilitaka kumzaba kofi. Mdomo ulikuwa umejaa maneno, na yote yalikuwa ya kweli: kwamba atakufa, kwamba nimemlea vibaya, kwamba nitamfunga na kamba. Nikainuka, nikaenda nyuma ya stoo kwa shimo la kuchomea, nikatapika chai yote. Nikapangusa mdomo na kanga. Nilikuwa najua nikirudi na kelele, mwezi ujao ataniambia sifuri, na sitajua tena kitu mpaka siku ya kuona picha ya kifua chake dirishani.

Nikarudi nikakaa. Nikaandika moja. Nikamuuliza swali linalofuata, kwa sauti ile ninayowauliza watu wote:

"Ya kichungi, au bila?"